Feza ya pansyo: mwenye kuchagua asipokee kitu kwa mwenye kuchaguliwa

Maneno ya harakati yetu mbele ya wastaafu, wafanyakazi na wanafunzi, Lubumbashi



Tunajua wengi mumetoka Katuba na Ruashi kwa miguu juu ya bei ya taxi, na tunaona wazee wenye kuja na farde chini ya mukono, yenye karatasi zote za kazi tangu siku ya kwanza ya kuandikishwa. Hizo karatasi muzishike vizuri. Leo tunaongea juu ya feza ambayo hizo karatasi zinaitafuta.

Kwa kawaida munatusikia juu ya maji, umeme, barabara na usalama. Mambo ya pansyo yanaonekana sawa mambo ya wazee peke yao. Kijana wa miaka 22 anatuambia: mimi hata mushahara sijaushika bado, pansyo ni ya nini kwangu? Tunamujibu hivi: pansyo ya papa isipofika, minerval ya mudogo wako utailipa wewe. Na dawa ya mama utainunua wewe. Kwa hiyo iko mambo yako tangu leo.

Tuanze na bulletin ya mushahara. Mutu akiandikishwa kwa CNSS, ile ambayo wazee wanaendelea kuiita INSS, wanakata 5 kwa mia ya mushahara wake. Patron naye anatoa 13 kwa mia, na ndani yake 5 ni za uzee wa mufanyakazi. Zingine ni za watoto na za aksida ya kazi. Mutu anayelipwa sawa dola 300, kila mwezi dola 15 zinatoka kwake na dola 15 zinatoka kwa patron juu ya uzee wake. Kwa miaka 25 inafika dola 9 000, bila kuhesabu faida. Hizo 15 za kila mwezi haziko zawadi ya serikali. Ni mushahara wako ambao ulikubali usiule leo.

Sasa hiyo feza haiwezi kulala tu. Wazee wa hapa wanajua vizuri kuliko sisi. Mwaka 1993, zaïre milioni 3 ziligeuka zaïre mupya moja. Mwaka 1998, zaïre mupya 100 000 zikageuka faranga moja ya Kongo. Mutu aliyekatwa mushahara miaka yote ya Mobutu, feza yake ililala, na ilipoamushwa haikununua hata mukate. Njo maana mufuko wa pansyo lazima uweke feza mahali fulani ipate kuzaa: nyumba za kupangisha, viwanja, benki, bon za Trezoo, kampuni.

Na pale njo swali linaanzia. Nani anachagua mahali? Na huyo anayechagua, nani amemupa kitu?

Hapa Lubumbashi kila mutu anajua komisyonere wa nyumba. Unatafuta nyumba ya kupanga, anakutembeza, unamulipa. Kumbe mwenye nyumba pia amemulipa. Basi ile nyumba aliyokuonyesha kwanza, alikuonyesha juu iko nzuri kwako ao juu mwenyewe alitoa zaidi? Lakini kwa nyumba unaona ukuta kwa macho, unaona kama paa inavuja, unaweza kukataa. Kwa pansyo huoni kitu. Komisyonere anaongea na mukubwa ndani ya biro, na wewe utajua kama paa inavuja kisha miaka 30, wakati huna nguvu tena ya kuhama.

Tumechagua kuwaeleza jinsi mambo haya yalitokea Marekani. Hatusemi kule ni paradizo, mutaona wenyewe. Tunaleta mufano wao juu kule waliiba wazi wazi, wakafungwa wazi wazi, na kisha wakaandika sheria ambayo inatufundisha kitu kimoja ambacho sheria zetu hazina.

Jimbo la New York liko na mufuko wa pansyo wa wafanyakazi wa serikali wenye watu zaidi ya milioni moja na feza zaidi ya dola miliari 100. Na mutu mwenye kuamua juu ya feza yote hiyo ni mumoja, mutunza hesabu mukubwa wa jimbo, anayechaguliwa kwa kura. Hakuna komite juu yake ya kumwambia hapana. Tangu 2003 mpaka 2006 alikuwa Alan Hevesi. Kwa kuwa anachaguliwa, anahitaji feza ya kampeni. Na kampuni za kuzalisha feza zinahitaji aweke feza ya wafanyakazi kwao, maana kila mwaka zinakula komisyo juu yake. Munaona namna hawa wawili wanapendana?

Mwenye kampuni moja, Elliott Broidy wa Markstone, alipata dola milioni 250 za ule mufuko. Kwa upande wake alilipa safari za Hevesi na familia yake, akatoa zaidi ya dola 500 000 kwa kampeni, na akamulipa rafiki mumoja wa Hevesi dola 380 000 za kazi ya uongo. Jumla ilikaribia dola milioni moja. Hevesi alikubali kosa mwaka 2010, mwaka 2011 akaingia gereza. Broidy alikubali kosa mbele yake, akarudisha dola milioni 18. Na katikati yao wote alikuwa mupanga siasa wa Hevesi, Hank Morris, ambaye aligeuka komisyonere mukubwa: kampuni iliyotaka feza ya pansyo ilipita kwake kwanza. Alivuna dola milioni nyingi, naye akafungwa.

Kuna kituko kimoja katika ile mambo ambacho kinachekesha na kinauma. Mukubwa wa kuweka feza katika ule mufuko alikuwa na ndugu mwenye kutengeneza filamu ya bei ndogo, jina lake Chooch. Kampuni ya Quadrangle, iliyokuwa inatafuta feza ya ule mufuko, ikakubali kupitia kampuni yake ingine kusambaza DVD za ile filamu. Ikapata dola milioni 100 za wafanyakazi. Kisha ikalipa mamilioni ili kumaliza kesi. Tunawaeleza hiki kituko juu ya kitu kimoja: matabishi haiko lazima ikuwe bahasha. Inaweza kukuwa DVD. Inaweza kukuwa kazi ya mutoto, tiketi ya ndege, ao jengo la kanisa.

California walifanya bila aibu zaidi. Mufuko wao, CalPERS, ni kati ya mikubwa sana ya Marekani. Mukubwa wake, Fred Buenrostro, alipokea dola 200 000 taslimu kutoka kwa komisyonere Alfred Villalobos, zingine ndani ya mufuko wa karatasi na kartoni ya viatu. Huyu Villalobos mwenyewe alikuwa zamani mujumbe wa bodi ya ule mufuko. Wakatengeneza pamoja barua za uongo ili komisyonere alipwe komisyo ya zaidi ya dola milioni 14. Buenrostro alihukumiwa mwaka 2016 miaka minne na nusu. Villalobos alikufa mbele ya kesi.

Kufunga watu ni vizuri. Lakini tuangalie: ili umufunge Hevesi, prokireri lazima aonyeshe kama feza hii ilitolewa *juu ya* ule uamuzi. Ni kazi ya miaka, na wakati huo feza imekwisha kwenda. Na wajanja wengi hawasemi neno lolote. Mwenye kampuni anatoa muchango wa kampeni, mukubwa anasema asante, miezi sita inapita, kampuni inachaguliwa. Nani ataonyesha mapatano? Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Kila mutu anajua, na hakuna mutu anaweza kusema mbele ya tribinali.

Njo pale sheria ya mwaka 2010 iko na akili. Tume ya Marekani yenye kusimamia masoko ya feza, SEC, iliandika kanuni ambayo haiulizi ulitaka nini moyoni. Inauliza kitu kimoja tu: ulitoa ao hukutoa? Kama kampuni ya kuzalisha feza, ao wakubwa wake, ao wale wanaokwenda kuitafutia wateja, wametoa muchango kwa kiongozi mwenye uwezo juu ya mufuko wa pansyo, kampuni hairuhusiwi kupokea malipo kutoka kwa ule mufuko kwa miaka 2. Hakuna jela na hakuna kusubiri tribinali. Ni kukosa malipo tu. Na haiwezi kutupa kazi siku hiyo hiyo na kuacha feza ya wazee inaangaika. Inaweza kulazimika kuendelea kuichunga bila kulipwa mpaka mufuko upate mwingine. Wanaruhusu kitu kidogo tu: mutu atoe mpaka dola 350 kwa uchaguzi mumoja kama yeye ni mupiga kura wa pale, ao 150 kama hapana.

Wakaongeza kwamba kampuni haiwezi kumulipa komisyonere yeyote tu wa kuitafutia feza ya pansyo; lazima awe mutu ao kampuni yenye kufuata kanuni za namna ile ile. Na kile usichoweza kufanya wewe, huwezi kumutuma bibi yako, ao avoka wako, akufanyie.

Kitu ambacho kinatugusa sisi Wakongo zaidi kiko hapa. Ile kanuni haimushiki tu mwenye kuchagua. Inamushika pia *mwenye kumuteua mwenye kuchagua*. Mwaka 2014 kesi ya kwanza ilitoka Pennsylvania. Mutu wa kampuni TL Ventures alitoa dola 2 500 kwa mugombea umeya wa Philadelphia na 2 000 kwa gavana. Hao wawili hawachagui wenyewe mahali pa kuweka feza, lakini wanateua wajumbe katika bodi za pansyo. Ilitosha. Kampuni ililipa karibu dola 300 000, na hakuna mutu alihitaji kuonyesha kwamba meya ao gavana alifanya kosa lolote.

Kuna wenye kusema hii ni kali sana: mutu alitoa kidogo kwa moyo safi, munamunyima kazi! Na kutoa muchango ni sehemu ya uhuru wa raia. Swali la haki, hatulicheki. Lakini lilikwisha kujibiwa. Kanuni ya namna hii ilianza Marekani mwaka 1994 kwa watu wa kuuza madeni ya miji na majimbo. Mumoja wao, William Blount wa Alabama, alienda kushitaki SEC akisema wanamunyima uhuru wake. Mwaka 1995 tribinali ikamukatalia: unaweza kutoa, na unaweza kufanya biashara na serikali, lakini hivi viwili pamoja hapana. Huyo bwana Blount, miaka 15 kisha, alihukumiwa jela kwa kumuhonga mukubwa mumoja wa kule juu ya biashara ile ile ya madeni. Tunaacha hapo.

Hatutaki pia kuwadanganya kwamba kanuni ilimaliza wizi. Kisha ile kanuni, pale pale New York, mufanyakazi mumoja mukubwa wa ule mufuko, Navnoor Kang, alishitakiwa mwaka 2016 kwa kupokea saa ya bei kali, safari na starehe kutoka kwa watu wa kununua na kuuza bon, na yeye akawapitishia biashara ya zaidi ya dola miliari 2. Alifungwa. Lakini kanuni ya 2010 haikumuzuia, juu hakuchaguliwa kwa kura na hakupokea muchango wa kampeni. Kanuni inafunga mulango mumoja. Nyumba iko na milango mingi.

Sasa turudi nyumbani, na tuseme mambo sawa ilivyo.

Kwetu mukubwa wa CNSS hachaguliwi kwa kura. Wakubwa wa mashirika ya serikali wanateuliwa kwa ordonansi ya Rais wa Jamhuri, kwa pendekezo la serikali. Na kila mutu hapa anajua namna vyama vinagawana hivyo vyeo kisha uchaguzi, sawa watu wanagawana nyama ya arusi: hiki cha chama chenu, hiki cha chama chetu. Kwa hiyo kama tungechukua kanuni ya Marekani na kuitafsiri neno kwa neno, tungefunga mulango ambao hapa hakuna mutu anaupita. Kwetu feza haipandi kupitia sanduku la kampeni peke yake. Inapanda kwa ile tunaita « opération retour »: unapata kontra, sehemu inarudi kwa yule aliyekupatia, na sehemu ingine inapanda kwa yule aliyemuweka yeye pale. Wakati mwingine inapitia fondasyo ya bibi ya mukubwa, ao harambee ya chama, ao timu ya mpira.

Hatumutaji mutu, na hatusemi huyu ao yule ameiba. Tunasema leo, kama ameiba, sisi wenye feza hatuna njia ya kujua, na kama hajaiba, yeye mwenyewe hana njia ya kutuonyesha mikono safi. Sheria ya mwaka 2005 juu ya rushwa iko, lakini inahitaji kuonyesha mapatano, sawa ile ya prokireri wa New York. Katiba, katika kifungu cha 99, inalazimisha Rais na mawaziri kutangaza mali zao wakiingia na wakitoka, lakini inatangazwa kwa Korti ya Katiba, haisemi raia wasome. Na liste ya waliotoa feza kwa kampeni za gavana ao za depite wenu, nani kati yenu amekwisha kuiona? Nyoosha mukono. Tunaangalia mu salle, hatuoni hata mumoja.

Kwa hiyo tunachoomba ni kile kile cha Marekani katika roho yake, lakini kwa umbo la hapa. Benki yoyote inayowekewa feza ya CNSS ao ya CNSSAP, ile ya wafanyakazi wa Leta, kampuni yoyote ya kujenga nyumba za mufuko, mwenye kuuza kiwanja kwa mufuko, mushauri yeyote: itangaze kila kitu ilichotoa katika miaka 2 iliyopita kwa chama, kwa kampeni, kwa fondasyo ao kwa familia ya mutu yeyote mwenye kusimamia mufuko ao mwenye kuteua wasimamizi. Ikiwa ilitoa, isipate kontra kwa miaka 2. Ikiwa ilificha, irudishe malipo yote. Hakuna haja ya kujua alitaka nini moyoni. Na komisyonere kati ya mufuko na kampuni tunasema akatazwe kabisa. New York walimukataza mwaka 2009, mbele ya SEC kuandika kanuni yake, na mufuko wao haukukufa.

Hapo kuna kitu ambacho tunaona kina uzito kuliko vingine vyote: liste itangazwe kwa ukuta. Kwa kila biro ya CNSS, mu Lubumbashi, mu Likasi, mu Kolwezi, mu Kinshasa: feza iko wapi, nani anaichunga, analipwa ngapi, kontra ilianza siku gani. Marekani hizo kesi nyingi ziliweza kuanza juu michango ya kampeni inaandikwa na raia anaweza kuisoma. Bila liste, hata kanuni nzuri ni karatasi ya kufungia karanga. IGF na Korti ya Hesabu ziko na kazi ya kukagua, lakini mukaguzi anakuja mara moja moja. Muzee mwenye kupanga mustari pale kwa biro anakuja kila mara, na anajua kusoma.

Wengine watasema: munaongea ya pansyo wakati Wakongo wengi hawajaandikishwa hata kwa CNSS. Ni kweli. Mama wa soko, kreuseur wa mine, motari, wote wako inje. Lakini tuulize kwa nini kijana mwenye kazi ndogo anamwambia patron: usiniandikishe, unipe ile feza mukononi. Iko juu ameona papa wa jirani. Ameona wazee wa Gécamines, zaidi ya 10 000 walioondoka tangu mwaka 2003 katika ile « départ volontaire », na wengi mpaka leo wanasema hesabu yao haikumalizika. Ile haikukuwa mambo ya mufuko wa pansyo, tunajua, ilikuwa patron na Benki ya Dunia. Lakini kwa macho ya kijana ni somo moja: feza ukiiacha mukononi mwa mukubwa, hairudi. Hatutamulazimisha aamini. Tunaweza tu kumuonyesha liste.

Wajumbe wa wafanyakazi wako na nafasi katika usimamizi wa CNSS, pamoja na wa mapatron na wa serikali. Hao wa wafanyakazi tunawaandikia wa kwanza, mbele ya ministri, juu hao ni watu wetu na feza ni ya wanachama wao. Barua ina maswali manne: feza iko wapi, nani alichagua, komisyonere alikuwepo ao hapana, na nani alilipwa ngapi. Tutawapa siku 30 za kujibu, na jibu lao, hata kama ni kimya, tutalibandika hapa hapa.

Barua iko kwa meza karibu na mulango, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mwenye kutaka kusaini asome kwanza. Asiyeona vizuri, vijana wako pale watamusomea. Wenye bulletin za mushahara za miaka mitano ya mwisho, tafazali mutuachie fotokopi, orijinali mubaki nazo, ili tuhesabu pamoja kilichokatwa na tukilinganishe na kile ambacho patron alipeleka kweli. Kwa wastaafu, mustari wa kwanza ni wenu.